Weka zimwi pembeni kwanza: jinsi ya kuandika riwaya za taharuki na mizimu kwa vijana

Watu wengi wakitaka kuanza kuandika hizi riwaya za kutisha za vijana wanaanza na zimwi, wanakaa wanawaza litakuwa na macho mangapi, litokee kwenye kioo au chini ya kitanda, liue vipi. Mi nakuambia zimwi liweke pembeni kwanza, anza na kijana. Msomaji wa miaka 15 mzimu peke yake haumtishi, ameshaiona mingi kwenye skrini. Anachotetemekea ni pale mzimu unaposhika kitu anachokiogopa yeye mwenyewe kila siku akiamka: kuachwa na marafiki, siri yake kujulikana, wazazi kuachana, kuambiwa muongo wakati anasema kweli, mwili kubadilika na hajui anakuwa nani. Ukishalishika hilo basi mambo mengine yote kwenye hii kazi, kuanzia ploti mpaka muda unaokaa kuandika mpaka watu unaowapa mswada wausome, yanajipanga kuzunguka hapo hapo.

Na hili halijaanza juzi. Mwandishi Mwingereza Mary Shelley alianza kuandika habari za Frankenstein, mwanasayansi aliyeunda kiumbe kwa vipande vya maiti, mwaka 1816, alikuwa na miaka 18 tu, kitabu kikatoka 1818. Ukiondoa ule mwili uliounganishwa vipande vipande unabaki na nini? Unabaki na kiumbe kilichokimbiwa na aliyekiumba pale pale kilipofumbua macho, kinazunguka kinatafuta hata mtu mmoja wa kukikubali. Hiyo hofu kila mtu wa miaka 16 anaijua, na ndo maana kile kitabu bado kinasomwa.

Anza na jeraha, alafu tafuta mzimu wake

Tuchukue mfano mmoja tuende nao, maana ushauri usio na mfano unapita tu. Kijana wa miaka 16, tumwite Daudi. Rafiki yake amezama mtoni, Daudi alikuwepo pale, na amewaambia watu wote hakuwepo. Hilo ndo jeraha. Hujaandika mzimu wowote bado na tayari una kitu kinachokuuma tumboni, maana unajua huyu mtoto atakutana na mama wa marehemu barabarani na itabidi amuangalie usoni.

Sasa jiulize, huu uongo ungekuwa na mwili ungekuwaje? Mi ningesema kivuli. Kivuli cha Daudi kinaanza kuchelewa. Anainua mkono, kivuli kinainua baadae kidogo, kufumba na kufumbua, mpaka anadhani ni macho yake. Kila akirudia ule uongo kivuli kinachelewa zaidi. Umeona kilichotokea hapo, mzimu haukuja kutoka nje kumvamia mtoto asiye na hatia, umetoka kwenye kitu alichofanya mwenyewe, kwa hiyo hakuna sura hata moja ya kutisha ambayo haimgusi. Ukiona unaweza kuutoa mzimu wako ukauweka kwenye riwaya ya mtu mwingine na hamna kitu kinaharibika, jua bado hujaupata, rudi kwenye jeraha ukae nalo zaidi.

Mzimu lazima uwe na sheria

Hapa ndo riwaya nyingi zinafia. Mwandishi anadhani kwa kuwa ni mambo ya ajabu basi lolote linawezekana, na kumbe lolote likiwezekana msomaji haogopi tena, anasubiri tu mwandishi aamue. Andika kwenye daftari, kabla hujafika mbali, kitu hicho kinaweza nini, hakiwezi nini, kinataka nini, na kila kikitumika nani analipa. Hili swali la nne watu wanalisahau.

Kwa Daudi tuseme hivi. Kivuli kinahitaji mwanga ili kiwepo, kwa hiyo gizani Daudi yuko salama na kwenye mwanga ndo hatari. Hapo umepata kitu cha thamani, maana msomaji amezoea giza ndo la kuogopwa, sasa unamgeuzia, mtoto analala na taa zimezimwa, anapita ule upande wa korido ambao taa imeungua, adhuhuri yenye jua kali ndo inakuwa saa mbaya kuliko zote. Kivuli hakiwezi kumgusa mtu moja kwa moja, kinagusa vivuli vya watu wengine, na kivuli chako kikiguswa ndo unahisi. Kinataka nini? Kinataka ukweli usemwe, au kinataka kuishi badala ya Daudi? Amua wewe, ila uamue mapema, sio ukiwa sura ya 20 umechoka.

Sheria ukishaziweka kazi yako inakuwa kuzibana. Sheria inayochelewa kufanya madhara mwanzoni ndo tamu katikati. Kwa mfano kivuli kimekuwa kikichelewa, kikichelewa, kikichelewa, alafu katikati ya kitabu siku moja Daudi anaona ukutani kivuli chake kinafungua mlango na yeye bado hajanyanyua mkono. Kimeacha kuchelewa, sasa kinatangulia. Kuanzia hapo kila akikiangalia anaona atakachofanya kabla hajakifanya, na siku akiona kivuli chake kinamsukuma mtu kwenye ngazi, umeelewa? Hujavunja sheria yoyote, umeifikisha mwisho wake tu.

Taharuki na kushtua ni vitu viwili

Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, alipokaa na mwongozaji mwenzake François Truffaut kwa yale mahojiano ya 1962 alitoa mfano wa bomu chini ya meza ambao waandishi wanauongelea mpaka leo. Watu wanapiga stori mezani, bomu linalipuka ghafla, umempa mtazamaji sekunde 15 za kushtuka. Ila mtazamaji akijua bomu lipo na litalipuka saa ngapi, yale yale maongezi ya kawaida yanageuka dakika 15 za kubana pumzi, anatamani kuwapigia kelele waache maneno watoke. Ndo kilichotokea kwa Daudi na ngazi. Msomaji ameshaona kivuli kinamsukuma mtu, hajui nani, hajui lini, basi kuanzia hapo kila mara Daudi akipita kwenye ngazi na mdogo wake wewe huna haja ya kuandika neno lolote la kutisha. Waache waongelee homuweki.

Kuna mama mmoja wa zamani zaidi, mwandishi wa riwaya za kutisha Ann Radcliffe, kwenye insha yake iliyotoka 1826 baada ya yeye kufariki, alitenganisha hofu ya kitu kinachokuja na karaha ya kitu ambacho tayari kiko mbele yako. Ile ya kwanza inaamsha akili, inaitanua, ile ya pili inaigandisha. Kwa vitabu vya vijana mi naiamini sana hii. Damu na viungo vilivyokatika vinamfanya msomaji afumbe macho, na akifumba macho ameacha kufikiri, wakati wewe unataka afikiri, abahatishe, arudi kurasa tatu nyuma kuhakikisha.

Tuje kwenye sentensi zenyewe maana ndo huko kazi iliko. Drafti ya kwanza huwa inatoka hivi:

Ghafla Daudi akaona kivuli cha kutisha sana ukutani. Aliogopa mno. Moyo wake ulidunda kwa nguvu na jasho jembamba likamtoka.

Hamna kosa la lugha hapo ila hamna hofu pia, ni mwandishi anamwambia msomaji aogope. Sasa angalia hii:

Taa ya korido iliwaka. Daudi alikuwa ameshaweka begi chini. Ukutani, begi bado lilikuwa begani. Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Likashuka.

Neno kutisha halipo, moyo haudundi, jasho halipo. Kuna begi tu. Na kuna kuhesabu, ambako kunafanya kazi mbili kwa pamoja, kwanza kunamfanya msomaji ahesabu naye, pili kunamuonyesha hali imekuwa mbaya, maana sura mbili nyuma kivuli kilikuwa kinachelewa kidogo kiasi kwamba hata kuhesabu ungeshindwa. Sura zijazo ukiandika Daudi amefika saba huna haja ya kueleza. Kwa hiyo ukirudia mswada wako pitia kila palipoandikwa ghafla, kutisha, aliogopa, ukatafute pale ni kitu gani kinachoshikika kinaweza kusimama badala yake. Kazi inachosha hii, na hakuna njia ya mkato.

Wazazi wako wapi, na simu iko wapi

Swali la kwanza atakalouliza kijana msomaji, na watoto ni wakali kwenye hili kuliko mhariri yeyote, ni kwa nini asimwambie mtu? Waandishi wengi wanaua wazazi wote kabla ya ukurasa wa kwanza au wanawafanya wazazi wajinga. Acha hiyo. Mzazi mwenye akili na upendo ambaye bado hawezi kusaidia anauma zaidi. Daudi hawezi kumwambia mama yake habari za kivuli kwa sababu stori ya kivuli inaanzia mtoni, na akisema mto amesema yote. Ukimya wake unatoka ndani ya stori yenyewe. Weka hata sahani ya chakula ambayo mama anamuwekea kila usiku, anajua kuna kitu mtoto anaficha, anamsubiria aseme mwenyewe. Msomaji atataka kumpiga makofi Daudi amwambie, na hicho ndo unachokitaka.

Simu usiizime chaji kila mara inapohitajika, wasomaji wameshachoka na hiyo. Iache ifanye kazi alafu iongeze tatizo. Daudi anajirekodi video akiinua mkono, anaiangalia, kwenye video kivuli kiko sawa kabisa. Sasa ana ushahidi kwamba yeye ndo mgonjwa.

Na hapo kuna jambo nalipenda sana kwenye aina hii ya riwaya, ile shaka. Kwa muda mrefu iwezekanavyo acha milango miwili wazi, kuna kitu kweli au akili ya mtoto imechoka kwa huzuni. Ili mlango wa pili uwe wa kweli inabidi ujue mambo ya kweli ya mwili. Mfano jinamizi, lile la kuamka ukashindwa kusogea, maelezo yake yanajulikana, akili imeamka lakini misuli bado imezimwa kama inavyozimwa wakati wa ndoto, mtu anahisi uzito kifuani na wengine wanaona kabisa mtu amesimama chumbani, na kukosa usingizi kunaliongeza. Alafu kijana akishabalehe saa yake ya ndani inasogea mbele, ile homoni ya usingizi inachelewa kuja usiku, kwa hiyo mhusika wa miaka 16 aliye macho usiku wa manane wakati nyumba nzima imelala wala hujamlazimisha, ndo mwili wake ulivyo. Daktari kwenye stori akimwambia Daudi hana usingizi wa kutosha na ana majonzi awe sahihi, asiwe katuni. Msomaji amuamini hata yeye.

Jambo dogo ila linaharibu vitabu vingi: mwezi. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, saa sita usiku ndo uko juu kabisa, unazama alfajiri jua likitoka. Mwezi mwandamo unauona magharibi jua likishazama na hautakaa sana. Ule wa robo ya mwisho ndo unachomoza kama saa sita usiku. Mzunguko wote ni kama siku 29 na nusu. Kwa hiyo ukiweka mwezi mpevu Ijumaa ya sura ya tatu alafu wiki moja baadae upo tena mpevu, kuna msomaji atalikamata hilo na kuanzia hapo hakuamini. Na kwa kitabu cha kivuli hili sio pambo, mwezi ukiwa chini kivuli ni kirefu kinapanda mpaka ukutani, ukiwa juu kabisa kimejikunja miguuni mwa Daudi kama kinamsubiri. Chora kalenda ya stori, kila sura siku gani, saa ngapi, mwanga unatoka wapi. Kaa nayo karibu na daftari la sheria.

Kuipanga siku yako

Riwaya nyingi za vijana zinaangukia kati ya maneno 50,000 na 90,000. Inatisha ukiiangalia yote, ila piga hesabu, maneno 500 kwa siku, siku tano za wiki, wiki 30, ni maneno 75,000. Maneno 500 ni kama ukurasa mmoja na nusu hivi. Mtu mwenye kazi nyingine au mwenye mtoto mdogo anaweza, na walio wengi kwenye hii kazi wana kazi nyingine, usidanganywe kwamba mwandishi wa kweli ni yule anayeandika kutwa nzima. Kitu kinachohitajika ni muda ule ule kila siku, akili inazoea, ukikaa inajua imeitwa kufanya nini.

Wengine wanadhani sura za kutisha ziandikwe usiku wa manane taa imefifia. Jaribu ukitaka, ila mi nashauri sura nzito ziandikwe asubuhi ukiwa mzima, kwa sababu hofu ya msomaji inatengenezwa na mpangilio, nani anajua nini na anajua lini, na mpangilio unataka kichwa kilicholala vizuri. Usiku utumie kusikiliza. Zima kila kitu, kaa dakika kumi, andika sauti moja tu uliyoisikia na ulivyodhani ni nini kabla hujajua ni nini. Ile sekunde ya kudhani ndo mali yako.

Ukiacha kuandika kwa siku acha katikati ya jambo, sentensi iwe nusu, Daudi awe ameshika kitasa. Kesho hutatazama ukurasa mweupe, utafungua mlango tu. Na faili lako liwe na nakala sehemu mbili, moja isiwe kwenye kompyuta hiyo hiyo, fanya hivyo kila ukimaliza kazi ya siku.

Kuna upande mwingine hauongelewi sana. Utaishi mwaka mzima au zaidi na mtoto aliyezama. Utamuandikia mazishi, utakaa ndani ya kichwa cha kijana anayejichukia. Hiyo inakugusa, hata kama ni stori. Ukimaliza sura kama ile usiende moja kwa moja kulala wala usikae mtandaoni, tembea, ongea na mtu kuhusu kitu kingine kabisa, fanya kazi ya mikono. Na kama jeraha la kitabu liko karibu na jeraha lako mwenyewe lipe umbali kidogo, badilisha mto uwe kitu kingine, badilisha rafiki awe mdogo. Utaandika kweli zaidi ukiwa na nafasi ya kupumua.

Vijana wasome kabla hakijatoka

Drafti ya kwanza isome mwenyewe. Ya pili soma kwa sauti, yote, hata kama inachukua siku kadhaa, mdomo utakwama pale sentensi ilipo mbovu. Ya tatu ndo uwape watu, na kati yao wawepo vijana wa umri wa msomaji wako, kwa ruhusa ya wazazi au walezi wao, iombe waziwazi na mzazi apate nafasi ya kuusoma mswada huo.

Usiwaulize kama wamekipenda, watasema ndio kwa adabu. Waambie waweke alama tatu tu pembeni ya karatasi: hapa niliacha kusoma nikaenda kufanya kitu kingine, hapa nimeshajua kitakachotokea, hapa sikumuamini. Alama za watu wawili zikikutana ukurasa mmoja, hapo kuna ugonjwa, hata kama ndo ukurasa unaoupenda kuliko yote. Ila dawa itafute mwenyewe, msomaji anajua panapouma, mara nyingi hajui pa kukata.

Lugha ya vijana usiikimbilie. Misemo ya mtaani inabadilika haraka sana na kitabu kutoka mkataba mpaka dukani mara nyingi kinachukua mwaka au miwili, kwa hiyo neno lililokuwa la moto ulipoandika litakuwa limepoa. Sikiliza namna wanavyoongea, wanavyojibu swali kwa swali, wanavyoacha sentensi bila kuimalizia, wanavyosema sijui wakati wanajua. Hiyo haizeeki.

Mambo mazito kama kujiumiza, kujiua, ukatili, unaweza kuyaandika na mara nyingine ni lazima, vijana wanayaishi. Ila njia mtu aliyotumia kujidhuru usiieleze hatua kwa hatua, na usifanye kifo kionekane kama ndo suluhu iliyoleta amani kwa kila mtu. Onyesha waliobaki. Kwa Daudi, akiusema ukweli mwisho wa kitabu, mama wa rafiki yake asimsamehe papo hapo kwa machozi. Akae kimya, aulize kitu kidogo tu, kwa mfano alikuwa amevaa viatu? Mtoto anayesoma atajua huu ni ukweli na hautamhubiria, na mahubiri anayanusa kutoka mbali.

Kitabu kikishaanza kuwa kazi

Ukimpelekea wakala au mchapishaji soma kwanza anachotaka, wengine wanataka sura tatu na muhtasari, wengine mswada wote. Kwenye muhtasari sema mwisho, kivuli ni nini na Daudi anafanyaje. Wengi wanaficha ili kumshawishi mhariri, mhariri anataka kujua kama unaweza kumaliza ulichoanza.

Haki ya kazi yako unayo tangu ulipoiandika, ndivyo Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, na nyongeza zake ulivyoweka kwa nchi wanachama, haihitaji kusajiliwa kwanza ndo iwe yako. Ila kinacholindwa ni maandishi, wazo tupu la kivuli kinachochelewa halilindwi, kwa hiyo usitangaze ploti yote kila mahali kabla hujaandika, na usigombane na mtu aliyepata wazo linalofanana.

Mkataba ukija soma kila kipengele, ukiweza mpe mtu anayejua mikataba ya vitabu. Malipo ya awali mara nyingi yanakatwa vipande, ukisaini, ukikabidhi mswada uliokubaliwa, kitabu kikitoka, na mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo ya kitabu, hauanzi kuingia mfukoni mpaka mauzo yarudishe yale malipo ya awali. Angalia haki za tafsiri, za sauti, za filamu, unaziuza zote au unabaki nazo? Angalia pia kitabu kikiacha kuchapishwa haki zinakurudia lini. Na kama mnazungumzia vitabu vitatu, hapo ndo utashukuru lile daftari la sheria, maana kwenye kitabu cha pili hutakumbuka kama kivuli kiliweza kuvuka maji, na wasomaji watakumbuka.

Uhariri unaendaje? Kwanza inakuja barua ya mhariri ya mambo makubwa, muundo, wahusika, mwendo. Ukiipata usijibu siku hiyo. Isome, iache ilale, isome tena, utaona mengi kati ya yaliyokuuma ni ya kweli. Alafu inakuja kazi ya sentensi, alafu ya lugha na nukta, alafu kurasa za mwisho za kusahihisha ambapo hutakiwi tena kuhamisha sura.

Kitabu kikitoka vijana watakuandikia, na hili lichukulie kwa uzito kuliko mauzo. Msomaji wa miaka 14 usifungue naye mazungumzo ya faragha yanayoendelea, jibu kwa ukarimu na kwa ufupi, mahali ambapo mzazi au mwalimu akiona hamna shida, ziara za shule ziende kupitia shule yenyewe na mwalimu awepo chumbani. Na kuna atakayekuandikia kwamba yeye ndo Daudi. Kwamba kuna kitu anakificha, au kuna mtu anamuumiza, au hataki kuishi. Wewe sio daktari wake na usijaribu kuwa, ila usimuache bila jibu. Mwambie unamuamini, mwambie amtafute leo hii mtu mzima anayemuamini aliye karibu naye, mtajie huduma ya dharura au namba ya msaada kwa watoto ya nchi aliyopo, na kama amekuandikia kupitia shule au mchapishaji wajulishe siku hiyo hiyo. Andaa hilo jibu kabla kitabu hakijatoka, liandike kwa utulivu, mpe mtu anayefanya kazi na vijana alipitie, alafu lihifadhi mahali utakapolipata haraka.